Mnyoo wa Baharini na Ndugu Zake

Ukilima kwetu Lubondja baada ya mvua, hukosi kumfukua nyungunyungu. Watoto humtia katika ndoana wakaenda mtoni. Sisi wakubwa humpita tu. Lakini huyu mnyonge ana jamaa baharini, na habari za ukoo wao zatufaa.

Katika bahari za joto, chini ya mawe na matumbawe, yumo mnyoo mwenye pingili nyingi, na kila pingili ina vishada vya nywele nyeupe pande zote mbili. Ukimshika, nywele hizo hukatikia ndani ya ngozi, na mkono wawaka kama uliochomwa moto. Jina lake la kitaalamu ni Eurythoe complanata, wa jamaa ya Amphinomidae. Mtaalamu Pallas alimwandika mwaka 1766.

Zaidi ya miaka mia mbili watu walidhani kwamba mnyoo huyo ni wa aina moja tu duniani pote, kwa kuwa sura ni moja. Mwaka 2010 wataalamu wa Brazili walichunguza urithi uliomo mwilini mwake, wakakuta aina zisizopungua tatu. Macho yalikuwa yamedanganywa.

Tena yalidanganywa kwa namna ya pili. Nyungunyungu na ruba waliwekwa mbali na minyoo wa baharini, kwani hawafanani nao. Leo yajulikana kwamba wametoka katika ukoo ule ule. Mpapase nyungunyungu tumboni: utasikia vinywele vidogo vigumu. Ndiyo alama ya nyumba yake, asiyoitupa ingawa alihama bahari zamani sana.

Basi, Adamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina, nasi tungali tukiifanya na kuisahihisha. Je, wanadamu tunawapangaje? Hapa Fizi tumezoea kumwuliza mgeni kabila lake kabla ya kumwuliza kama amekula. Twamtazama pua na kimo, kisha twakata shauri. Kwa hukumu za namna hiyo nyumba zimechomwa. Mwaka 1996 wengi wetu tulivuka ziwa kukimbilia Nyarugusu, na huko tulipokewa na watu wasiotujua kwa sura.

Ikiwa wenye elimu walikosea juu ya mnyoo kwa miaka mia mbili, yatupasa tusiwe wepesi kumhukumu jirani kwa kumtazama usoni. Mgeni akibisha hodi jioni hii, tumpe kwanza maji na kiti.