Dagaa, Mawese na Chombo cha Kurudi

Dagaa wa Kigoma nilikuwa nawajua kwa paketi tu. Nauza vyakula vikavu Dar es Salaam, na kwa muda mrefu nimehangaika kutafuta namna ya kumuuzia mteja bila kumwachia nailoni ya kutupa. Safari hii nikasema niende nikaone mwenyewe mzigo unakoanzia.

Treni ya reli ya kati inaanza kufundisha njiani. Tabora na kuendelea, akina mama wanakuinulia dirishani asali iliyojazwa kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika, zimeoshwa zikatakata. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, na ukitoka nje ya stesheni tu, Ziwa Tanganyika hilo hapo.

Nilikwenda mwalo wa Katonga asubuhi, mitumbwi ikiwa imesharudi kutoka kuvua kwa taa usiku kucha. Dagaa wengine walikuwa wameanikwa juu ya mchanga, kama ilivyozoeleka, na wengine juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa usawa wa kiuno. Wa kwenye kichanja hukauka juu na chini, hawana mchanga wa kumsagia mlaji meno. Mama aliyekuwa akiwageuza kwa kiganja aliniambia, "Shika mwanangu, vunja." Nikavunja mmoja. Alilia kama kijiti.

Kibandani kwake binti alikuwa akifungasha. Anajaza paketi, anakunja mdomo wa paketi kwenye bapa la msumeno, anaupitisha juu ya mwali wa mshumaa, unashikana. Kazi safi, ya haraka. Nikauliza kwa nini wasitumie karatasi za kaki. Mama akanijibu bila kusita: dagaa wakivuta unyevu wanaota ukungu, na mteja wa mbali harudi tena. Ni kweli. Karatasi peke yake haimtoshi dagaa, na anayehubiri vinginevyo hajawahi kupoteza gunia zima kwa ukungu.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019, na mwaka 2021 Serikali ikakataza pia vifungashio vyepesi kutumiwa kama vibebeo. Sheria ile imesaidia sana. Rambo zilizokuwa zikining'inia kwenye miti zimepungua. Lakini paketi ya bidhaa imeruhusiwa, na ndiyo inayoniumiza roho, kwa sababu inakwenda upande mmoja tu, na ikiingia ziwani haitoki. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Congo. Maji yake mengi huondoka kwa mvuke. Plastiki haiondoki kwa mvuke. Tanzania, Burundi, Congo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003, maana uchafu wa mwambao mmoja hufika kwa jirani bila pasipoti.

Jibu nililokuwa nikilitafuta nililikuta Ujiji, kwa muuza mawese. Madumu ya lita ishirini, mekundu kwa mafuta ya miaka, kila moja na kipande cha nailoni chini ya kizibo lisivuje. Dumu likishauzwa mafuta yake, mfanyabiashara hulirudisha, linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, linajazwa tena. Nalo ni plastiki, sikatai, lakini dumu moja linafanya kazi ya chupa mamia, na hakuna anayelitupa kwa kuwa lina bei yake. Biashara ya kutunza mazingira imekuwapo Ujiji siku zote bila nembo ya kijani wala tangazo. Tunaoitafuta kwenye semina za hotelini tungefika huku mapema.

Nikarudi kwa mama wa Katonga na ombi: anipakilie dagaa wa kichanja kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, nami dukani niwapime kwa sado, kila mteja na chombo chake. Akazigonga ndoo kwa vidole, akakagua mifuniko, akauliza swali moja: nauli ya kuzirudisha nani atalipa? Tukabishana kidogo. Kwenda nitalipa mimi, kurudi tutagawana nusu kwa nusu, na ndoo itakayopasuka ni ya kwangu.