Kombe wa Mvuke na Adabu ya Chungu

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa kombe ni nini. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana, na wanawake wa Fumba, Bweleo na Unguja Ukuu hushuka pwani na vikapu vyao kwenda kuwafukua mchangani. Marehemu mama yangu alituvisha kwa kombe, na chuoni ninapofundisha wamo watoto ambao ada zao hulipwa kwa kazi hiyo hiyo.

Upishi wake ni mwepesi, lakini una masharti. Kwanza walazwe katika maji ya bahari saa kadhaa ili wateme mchanga; maji matamu huwaua. Kisha mpishi amgonge kila aliye wazi. Aliye hai atajifunga, na asiyejifunga amekwisha kufa, naye atupwe. Hapo ndipo ninapogombana na mashoga zangu, maana huniambia kwamba mfu wa baharini kwetu ni halali. Ni kweli, sharia haikututaka tumchinje. Lakini Mola wetu alipotuamrisha kula, aliutaja uhalali wa chakula pamoja na uzuri wake, na kombe aliyekufa juani ana uzuri gani? Tena mnyama huyu huyachuja maji ya bahari mwilini mwake, na uchafu uliomo humbakia. Waliookotwa karibu na bomba la maji machafu siwataki, hata wawe bure. Na pengine vijimea vya baharini huzidi mpaka maji yakageuka rangi. Wakati huo simli kabisa, kwani sumu yake haiondoki kwa moto.

Kwa pishi moja ya kombe, chukua kitunguu maji kimoja, saumu punje nne, tangawizi kiasi cha kidole, mabua mawili ya mchaichai yaliyopondwa, pilipili manga na bizari ya manjano kidogo. Kaanga kwa mafuta ya nazi, tia maji kikombe kimoja tu, na yakichemka mimina kombe, ufunike barabara. Chumvi usitie, kombe ana yake. Magamba yakifunguka, acha mvuke uendelee dakika 5 nyingine. Atakayebaki amefumba usimlazimishe kwa kisu, mtupe. Halafu tia tui zito la kwanza na majani ya kotmiri, na ndimu uikamue chungu kikisha teremshwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonishikisha kalamu. Watoto wawili walitukanana chuoni kwangu. Mmoja, wa nyumba ya Kihanafi, alimwambia mwenziwe wa Kishafi kuwa kwao hula haramu. Naye akamjibu kuwa wao ni wageni wasioijua dini. Niliwaweka chini wote wawili. Kwetu Mashafi, kinachoishi baharini tu aghalabu ni halali, na Wamaliki na Wahanbali wako karibu nasi. Wahanafi husema kilicho halali katika vya baharini ni samaki, na kombe si samaki. Ithnaashari nao hawamli kombe, ingawa kamba humla. Kila mmoja ana dalili zake, wala hakuna aliyeitoa rai yake jikoni. Lakini neno lililonichoma khasa ni lile la "wageni", maana babu wa mtoto yule amezikwa hapa hapa mjini.

Tangu siku hiyo wanafunzi wakija kula kwangu huinjika vyungu viwili, kimoja cha kombe na kimoja cha tasi, kwa viungo vile vile, na upawa wa huku hauingii kule. Mama wa mtoto yule alinambia nisijitaabishe. Nikamjibu, "Bibi wee, taabu yenyewe ni kuni tu." Na yule wa Kishafi, nimemwona kwa macho yangu, huukimbilia mchuzi wa tasi kabla hajamgusa kombe.