Mbogo wa Ryangombe

Jumatatu, 4 Novemba 2024, Kimihurura

Developa leo amekuja na mkasi. Kijiji cha nyumba ishirini kimebaki na nyumba nne. Kundi la inyambo, ng'ombe wa pembe ndefu, ambalo mchoraji wetu alishaanza kulichora pembe moja baada ya nyingine, limekuwa ng'ombe wawili wanaokatiza njia na kupotea nyuma ya migomba. Hoja zake hazina ubishi. Gemu inatengenezwa kwa ajili ya simu, na simu za vijana wengi ninaowaona hapa ni za bei nafuu. Ukizibebesha ng'ombe hamsini zinaganda. Pesa ya mfadhili inatosha demo ya nusu saa. Mchoraji ni mmoja, na Ijumaa jioni ana kwaya.

Ng'ombe sikuwagombania. Niligombania igisoro.

"Mwalimu, hiyo ni gemu ndani ya gemu," akasema. "Mashimo 32, kete 64, halafu nitengeneze mpinzani anayejua kufikiri. Kazi yote hiyo kwa kitu ambacho mchezaji atakiruka."

Anayejua bao hahitaji kuelezwa igisoro. Ubao ni wa ukoo mmoja, sheria ndizo zinazotofautiana. Lakini Ryangombe wa gemu yetu bila igisoro ni nani? Mfalme huyu wa imandwa, mizimu inayoabudiwa, hakunyang'anywa enzi kwa mkuki. Alikaa ubaoni na Mpumutumucuni, akafungwa, enzi ikamponyoka. Aliyemwokoa ni mwanawe Binego, kijana mkorofi aliyelelewa ujombani, ambaye alitokea mchezo ukiendelea, akasimama nyuma ya baba yake, akamwonyesha kete ya kucheza, kisha akamuua mpinzani. Ukiuondoa ubao, Binego anabaki kijana mwenye mkuki tu, na gemu za namna hii zimejaa vijana wenye mikuki.

Tumeahirisha.

Alhamisi, 7 Novemba

Naandika kisa cha Cyrodiil hapa nikipate haraka siku ya ubishi mwingine.

Mwaka 1998 watengenezaji wa gemu Bethesda walitoa gemu ya Redguard pamoja na kijitabu cha mwongozo wa dola lao la kubuni. Humo Cyrodiil, kitovu cha dola hilo, ilielezwa kuwa msitu mnene wa nchi za joto. Mwaka 2006 ikatoka Oblivion, na Cyrodiil ikawa nyasi, vilima na miti ya baridi kama mashambani Ulaya. Uwezo wa kupaa, ambao Morrowind ya 2002 iliwapa wachezaji, nao ukaondolewa. Sababu ni ya kiufundi: kila mji wa Oblivion umefungiwa ndani ya kuta zake na hupakiwa peke yake, hivyo anayepaa juu ya ukuta angeshuka kwenye mji usiokuwepo. Kwa habari ya kupaa wakatunga sheria ya serikali inayokataza. Kwa habari ya msitu ikaja kusemwa kwamba mfalme wao aliyegeuka mungu aliibadilisha nchi kwa uwezo wake.

Ile sheria ya kupaa naikubali. Ni ujanja wa karani, lakini unafanana na dola linalopenda kupiga marufuku. Msitu ndio unaonikera. Maelezo yenyewe ni mazuri, ila ndani ya gemu hakuna mzee hata mmoja anayeulilia. Nchi nzima imebadilika na hakuna aliyepoteza shamba, dawa wala kaburi la babu. Kukata wamekata kwa haki. Bei ya kile kilichokatwa hakuna mhusika aliyelipishwa.

Upande wa nyumba zetu nne sina wasiwasi tena. Daggerfall yao ya 1996 ilikuwa na maelfu ya miji na vijiji vilivyozalishwa na kompyuta, na vingi vyake huwezi kuvitofautisha. Whiterun ya Skyrim, gemu yao nyingine, inaitwa mji mkubwa na watu wake unaweza kuwahesabu chai haijapoa, lakini wanalala, wanauza, wanagombana, nami niliamini kwamba ni mji. Nyumba nne zenye ugomvi zinatosha.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa nimepiga simu nyumbani Karagwe. Shangazi ananiuliza kwa nini namwita Ryangombe wa Rwanda wakati Wahaya wana Lyangombe wao, na Warundi wana Kiranga. Nikamwambia gemu inatengenezwa Kigali. "Basi muandike kwamba ni wa kwenu huko," akasema, "msiandike kwamba ni yeye mwenyewe."

Ana haki, lakini hata ndani ya Rwanda "yeye mwenyewe" hapatikani. Chukua Ruganzu Ndori, ambaye baba yake Ndahiro Cyamatare aliuawa na yeye akafichwa kwetu Karagwe kwa shangazi yake Nyabunyana, akarudi kuikomboa nchi. Padri Alexis Kagame anamweka karne ya 16. Jan Vansina anamweka karne ya 17. Hapo ni wanahistoria. Ukiwauliza wasimulizi, nyayo zake ziko kwenye mawe ya mikoa zaidi ya mmoja.

Wenzetu wa Kiro'o Games pale Yaoundé waliukimbia mtego huu mapema. Aurion yao, iliyotoka 2016, inafuata mkuu wa ufalme wa Zama kwenye sayari waliyoibuni wenyewe. Sura, mavazi na falsafa ni vya Afrika, ila hakuna mzee wa kijiji chochote anayeweza kuwaambia wamekosea nasaba. Ni akili ya kibiashara na ya kisanii pia. Mimi imenishinda. Nikibadilisha jina la Binego nasikia kama nimemwibia mtu.

Bethesda walikuwa na jibu jingine kwa Daggerfall, ambayo ilikuwa na miisho kadhaa inayopingana: gemu zilizofuata zilisema muda ulivunjika na yote yakatokea. Mashabiki wengine walicheka. Mimi naona ni jibu ambalo msimulizi yeyote wa ibitekerezo, simulizi za kihistoria, angelielewa bila kufundishwa.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo hapakuwa na utani.

Kijana wa mafunzo, ambaye amecheza gemu nyingi za Kimarekani, ametuletea skrini ya kuanzia: chagua jamii yako, kila jamii na sifa zake, huyu nguvu, huyu akili, huyu uvumilivu. Ndivyo gemu hizi zilivyo tangu enzi za Dungeons & Dragons ya mezani. Akaweka na mapokeo yenyewe: wana watatu wa Gihanga, mfalme wa kwanza wa mapokeo, wanaosemwa kuwa mababu wa makundi matatu ya nchi hii, na jaribio la maziwa usiku kucha, mmoja akayanywa, mmoja akayamwaga, mmoja akayatunza. Kwa mtengenezaji wa gemu ni zawadi. Mtihani mmoja, matokeo matatu, njia tatu.

Mchoraji alifunga kompyuta yake. Hakusema kitu. Yeye amezaliwa 1993.

Developa, ambaye kwa kawaida hajali mapokeo, ndiye aliyesema. Alimwambia kijana kwa upole kwamba hadithi ile ilitumika kuwafundisha watu kuwa daraja zao zimetoka kwa Mungu. Kwamba Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930. Na kwamba mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, vizuizini watu waliombwa vitambulisho hivyo hivyo. Nchi hii haigawi tena watu namna hiyo kwenye karatasi, na sisi hatutawagawa kwenye simu.

Nimesoma kwamba hata Dungeons & Dragons yenyewe, kwenye kitabu kipya cha wachezaji cha mwaka huu, nyongeza za nguvu na akili hazitokani tena na jamii ya mhusika, zinatokana na malezi na kazi yake ya zamani. Imewachukua nusu karne.

Sisi tumechagua koo: Abanyiginya na korongo wao mwenye taji, Abazigaba na chui, Abega na chura, Abasinga na mwewe. Koo hizi zilikuwa na watu wa makundi yote matatu, jambo ambalo ile hadithi ya maziwa haiwezi kulieleza. Ukoo hautoi nguvu wala akili. Unatoa mnyama usiyeruhusiwa kumdhuru, na nyumba ambazo lazima zikukaribishe. Developa amefurahi: sheria mbili fupi badala ya jedwali la namba.

Skrini ile ya jamii ndiyo kitu pekee tulichokitupa bila kutafuta namna ya kukirudisha.

Jumanne, 19 Novemba

Igisoro imepata dawa, na imetoka kwenye simulizi lenyewe.

Nilikuwa namsomea developa kipande cha Binego kwa mara nyingine, akanikatiza. "Ngoja. Binego hachezi. Anaonyesha."

Kumbe hatuhitaji mpinzani anayefikiri. Mchezaji ni Binego, amesimama nyuma ya baba yake, ubao uko katikati ya mchezo na kete zimeshapangwa. Ana nafasi moja ya kugusa shimo moja. Akikosea, Mpumutumucuni anamaliza, watu wanacheka, na Binego anafukuzwa barazani mpaka kesho yake. Akipatia, kete zinazunguka, zinakula, zinazunguka tena, na baba anageuka kumtazama kwa mara ya kwanza. Mkao wa kete tutauomba kwa wazee wanaocheza Nyamirambo. Wanajua mikao ambayo mimi siwezi kuibuni.

Kazi tuliyoiogopa wiki zote hizi imekuwa picha moja na hesabu ndogo. Na imekuwa kweli kuliko ile tuliyoitaka mwanzo, maana kama tungekuwa na pesa, tungemkalisha Binego ubaoni acheze mchezo mzima, jambo ambalo katika simulizi hakulifanya.

Jumamosi, 23 Novemba

Mwanamuziki ni mlokole. Amekubali ngoma, amekubali inanga, amekataa kurekodi nyimbo za kubandwa, ibada ya imandwa. "Kaka, hizo si nyimbo, ni mwito. Nikiziimba nani atakayekuja?" Wapo waliomcheka. Mimi sikucheka: huyu ndiye mtu pekee ofisini anayeyachukulia mapokeo haya kama kitu chenye nguvu.

Inanga peke yake, basi. Waliokula kiapo cha kubandwa walifungwa na siri, kwa hiyo skrini itakuwa giza na mchezaji atasikia nyuzi tu. Tumebaki na heshima, na tumeokoa pesa ya studio.

Jioni nimecheza tena Tales of Kenzera: Zau ya Abubakar Salim, iliyotoka Aprili. Sauti nimeiweka Kiswahili. Hawakujaribu kuzunguka ulimwengu wote wa hadithi za Kibantu. Kijana mmoja, msiba mmoja wa baba, mungu wa mauti mmoja. Julai studio yao ilitangaza kupunguza wafanyakazi. Tukiwa na nyumba zetu nne, habari ile niliisoma nikiwa nimesimama.

Jumatano, 27 Novemba

Mambo mawili.

La kwanza ni ramani. Tuna pesa ya kuchora ng'ambo moja tu ya Nyabarongo. Gemu nyingi huweka ukuta usioonekana, ukitembea unagonga hewa. Lakini majina ya wafalme wa Rwanda yalipokezana kwa zamu, na kila jina lilikuja na mwiko wake; mfalme mwenye jina la Yuhi hakuruhusiwa kuvuka Nyabarongo. Wa mwisho kulibeba alikuwa Musinga, aliyeondolewa na Wabelgiji mwaka 1931. Kwa hiyo hadithi yetu ya nje tumeiweka zama za Yuhi Mazimpaka: mchezaji ni mtu wa msafara wa mfalme anayeingizwa kwenye kubandwa, na ndani ya ibada ndimo anamvaa Binego. Waliobandwa ndivyo walivyofanya, kila mmoja akabeba jina na sauti ya imandwa wake. Akifika mtoni, msafara unasimama. Ukingo wa bajeti umekuwa mwiko wa kifalme.

La pili ni mbogo. Mama yake Ryangombe aliota ndoto mbaya, akamkataza kwenda kuwinda. Akaenda. Mwanamke aliyegeuka mbogo akamchoma pembe, akafa chini ya mti wa umuko, na katika kufa akawaagiza watu wamwabudu. Binego alifika baadaye, akalipiza.

Vijana waliojaribu demo walikasirika. Wanamuua mbogo vizuri kabisa, kisha wanamkuta Ryangombe ameshakufa. Wanaanza upya, wanakimbia zaidi, wanamkuta amekufa. Mmoja ametuandikia kwamba gemu ina kasoro. Developa anapendekeza njia ya siri: ukifika haraka sana, anapona.

Nimekataa, na hapa sitalegea. Mzee akipona hakuna kubandwa, na bila kubandwa yule mtu wa msafara wa Yuhi hana ibada ya kuingia, wala gemu haina mlango. Nyumba, ng'ombe, wimbo, hivyo ni mapambo ya simulizi na vinakatika. Kifo hiki ndicho nguzo. Nilichokubali ni kwamba mchezaji hajatendewa haki: tumemwekea mbio halafu tukamnyima mwisho wa mbio. Kwa hiyo saa inayohesabu sekunde inaondolewa, na ndoto ya mama inahamishiwa mwanzo kabisa, ambapo mchezaji anajifunza kutembea. Atatembea ndani ya ndoto hiyo, ataona mti, ataona pembe. Akifika kwa mbogo atajua anakwenda kulipiza, si kuokoa.

Jumamosi, 30 Novemba

Umuganda asubuhi, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi; mfereji wa barabara yetu umezibuliwa. Mchana tumekutana watatu tu.

Vijana wale wale wamecheza toleo jipya. Hakuna aliyesema kasoro. Mmoja amesema inauma na akauliza kama sehemu ya pili itakuwepo. Mwingine amelalamika kwamba ng'ombe ni wachache. Developa amenitazama, nami nikatazama dirishani.

Jumatatu demo inakwenda kwa mfadhili ikiwa na nyumba nne, ng'ombe wawili, ubao mmoja wa igisoro, na Ryangombe anakufa kila mara.