Usiku wa Mwisho Ugenini: Msafiri Alale Wapi?

Watu wa Mwera, katika wilaya ya Pangani, wana kanuni moja ya safari ambayo hakuna aliyeiandika, lakini kila mtoto aijua: mwenye safari ya alfajiri halali kusini ya mto. Tangu zamani, mtu wa kwetu aliyetaka gari la asubuhi la kwenda Tanga ilimpasa kwanza afike Bweni, avuke mto Pangani kwa kivuko, ndipo alione gari. Na kivuko kilikuwa na saa zake, tena kilikuwa kikiharibika. Basi mwenye busara alivuka jioni, akalala Pangani mjini kwa jamaa au katika nyumba ya wageni, na adhana ya alfajiri ikamkuta yuko upande wa gari lake. Hilo ndilo sisi hupenda kuliita kulala ng'ambo.

Twaikumbusha kanuni hii kwa sababu wazazi wengi wa pwani sasa huenda Ulaya kuwatazama watoto na wajukuu, na baadhi yao hutuuliza: ndege ya kurudi ikiwa ya alfajiri, usiku wa mwisho tulale wapi? Huenda msomaji akaliona jambo hili dogo. Walakini safari ya kurudi kwenu si jambo dogo hata kidogo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwanachuoni aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alijaribu kurudi mwaka 1905 pamoja na mkewe Mjerumani. Serikali ya kikoloni ikawakatalia kuishi huku, wakarudi Ujerumani, naye akafa huko mwaka 1927. Yeye alizuiwa na watu wenye nguvu. Yatupasa sisi tusijizuie wenyewe kwa uzembe wa usiku mmoja.

Sisi na ahali yetu tulikuwa mjini Leicester, Uingereza, katika mwezi wa Juni, kwa binti yetu aliyekuwa amejifungua. Ndege yetu ilikuwa iondoke uwanja wa Heathrow, London, saa 12.30 asubuhi, na ilitupasa tufike saa tatu kabla, yaani saa 9.30 usiku. Nauli ilikuwa imechangwa na watoto wetu wote kwa muda wa mwaka mzima, na tikiti ilikuwa ya namna isiyobadilishwa: ukichelewa, imekwenda. Ahali yetu naye magoti yalikuwa yamemvimba, hawezi kukimbia wala kusimama sana. Tukapima njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kulala kwa binti yetu hadi usiku wa manane, kisha mkwe wetu atupeleke kwa gari lake. Yeye aliipenda sana njia hii, na alipotusikia tunataja nyumba ya wageni uso ulimbadilika. Akasema, "Baba, watu watasemaje, kwamba wakwe zangu nimewatoa wakalale hotelini?" Maneno yake yalikuwa ya adabu na ya mapenzi. Lakini kutoka Leicester hadi Heathrow ni zaidi ya kilomita 160, na barabara kuu za huko mara nyingi hufungwa usiku zikitengenezwa. Naye alikuwa arudi kazini asubuhi ile ile, na nyumbani ana mzazi na mtoto mchanga. Tukamwambia, "Mwanangu, heshima yako tumeipokea. Lakini hatutaki mama yake huyu mtoto akae macho usiku kucha akingoja kusikia kama umefika salama." Akainamisha kichwa, akakubali kutupeleka kituo cha basi mchana. Ndugu wasomaji, ukarimu ni haki ya mgeni, lakini kumhurumia mwenyeji nayo ni haki juu ya mgeni.

Njia ya pili ilikuwa kulala London mjini, upande wa Whitechapel, karibu na ule msikiti mkubwa wa London Mashariki. Hapo chakula cha halali ni tele na jamaa wa kuonana nao hawakosekani. Ila Whitechapel iko mashariki ya mji na Heathrow iko magharibi yake, na mji wote wa London uko katikati. Treni ya chini ya ardhi iendayo uwanjani hutembea usiku kucha Ijumaa na Jumamosi tu, na hata siku hizo haifiki jengo la 4. Siku nyingine za wiki, treni ya kwanza isingetuwahisha. Lipo basi la usiku, N9, litokalo Aldwych katikati ya mji. Lakini mtu mwenye magoti mabovu na masanduku mawili si mtu wa mabasi ya usiku. Huko ni kulala Mwera na kutumaini kivuko.

Njia ya tatu ilikuwa kulala ng'ambo, yaani upande wa ndege. Wako wanaolala uwanjani penyewe juu ya viti. Kijana aweza, mzee ataamka mgonjwa. Ziko hoteli kubwa katika barabara ya Bath Road, kando ya uwanja. Sisi tulichagua mji wa Hounslow, ulio kilomita chache tu kutoka Heathrow. Waislamu ni wengi hapo na msikiti wa jamaa upo. Tukapata chumba katika nyumba ndogo ya wageni isiyouza pombe.

Hapa pana faida ya kidini ambayo twapenda wasomaji waizingatie. Katika Juni jua la London huzama baada ya saa 3 usiku, wakati wa Isha huingia karibu na saa 5, na alfajiri huingia mnamo saa 9. Mwenye kungoja Isha kisha akaamka kabla ya alfajiri hana usingizi. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kutoka Leicester, na mwendo wetu ulizidi zile marhala mbili za madhehebu ya Imam Shafi, ambazo leo hukadiriwa kilomita 80 na kitu. Basi tulikuwa wasafiri. Tukasali Magharibi rakaa tatu, tukaikusanya na Isha kwa rakaa mbili, tukalala mapema. Saa 9 usiku tukasali Alfajiri kwa utulivu chumbani, na teksi tuliyoiagiza jioni ikatukuta mlangoni.

Wala mtu asisahau kibla. Sisi wa Mwera twaelekea kaskazini. Aliye London huelekea kusini mashariki. Aulize au aangalie kabla ya giza, asifuate mazoea ya kwao.

Atakayesafiri Desemba hali yake ni nyingine. Alfajiri huko huingia karibu na saa 12, na jua huchomoza karibu na saa 2. Huyo sala itamkuta uwanjani au ndani ya ndege. Heathrow ina vyumba vya sala katika majengo yake yote. Basi aulize mapema kilipo cha jengo lake, na udhu autie kabla ya kupanda.

Kwa ufupi, twawausia wasafiri mambo manne. Kwanza, jueni jengo la ndege yenu: Heathrow ina majengo manne yatumikayo, la 2, la 3, la 4 na la 5, na kukosea jengo usiku ni kupoteza saa nzima. Pili, agizeni gari la alfajiri jioni, na mwulize bei yake. Tatu, linganisheni gharama ya chumba na gharama ya tikiti mpya, si na kulala bure. Nne, ageni wenyeji wenu mchana, kwa dua na kwa uso mkunjufu, mpate wasaa wa kusameheana.

Wako watakaosema ya kwamba tahadhari kama hizi ni upungufu wa kutawakali. Sivyo. Aliyemfunga ngamia wake ndiye aliyetawakali sawasawa, na aliyevuka mto jioni hakumshuku Mola wake, bali alitumia akili aliyopewa naye. Mwenyezi Mungu awarejeshe wasafiri wetu wote makwao kwa salama, na awajaze kheri wale waliowapokea. Amin.