Simu Ilisema Mashariki, Mjomba Akasema Siyo

Kuna kaka mmoja wa Shinyanga mjini, jina tunaliweka kando. Kamaliza form four, kakaa mtaani weee, mwisho kaamua kumfuata mjomba wake machimboni Geita. Kijana wa mjini bwana: simu kali, kava la sumaku, miwani ya jua asubuhi asubuhi.

Mjomba ana leseni ndogo ya uchimbaji. Mpaka wa kusini unaanzia kwenye bikoni moja kwenda mashariki, digrii 90. Kaka akasema mpimaji wa nini, simu si ina dira? Akaegemea pikipiki, akapima. Mjomba akaangalia jua linavyochomoza.

"Mjomba, hiyo siyo kiya. Unaelekea dakama."

Kwa wasiojua Kisukuma: kiya ni mashariki, ng'weli magharibi, dakama kusini. Na sukuma ni kaskazini, ndiko jina la kabila lilikotoka. Yaani watu waliitwa kwa dira kabla simu haijazaliwa!

Kaka akacheka. "Jua linahamahama mjomba, simu haidanganyi."

Wakachimba duara miezi miwili. Matimba, pampu, msosi wa vijana, vyote mkopo. Siku jirani alipoleta mpimaji, duara likaonekana liko kwake. Dira ilikosea digrii 15. Unaona ndogo? Kwa mita 100 umeshapotea kama mita 26.

Sasa ukweli ni huu. Dira inafuata sumaku tu. Kava lina sumaku, pikipiki ni chuma, na miamba mingi yenye dhahabu Geita ina chuma cha sumaku ndani yake. Ukipima, kaa mbali na vyuma. Halafu ukifika kule, geuka upime kurudi: ulienda 90, irudi 270. Isipofika hapo, kuna kitu kinavuta.

Na kweli jua linahama, hapo kaka hakukosea. Ila ilikuwa Septemba, mwezi ambao jua huchomoza karibu mashariki kamili. Mzee hakuhitaji hata chaji.

Mjomba hakumfukuza. Deni wanalilipa wote wawili mpaka leo. Ila kila asubuhi anamsimamisha nje, simu mfukoni: "Haya, nionyeshe sukuma."

Na wewe unayesoma hapa, simu ikizima sasa hivi, kaskazini ni wapi? Usichungulie!