Nilivyohesabu Nusu ya Himoglobini

Jedwali la tatu katika ripoti yangu kuhusu himoglobini lina kosa, na kosa hilo ni langu mwenyewe. Nimelinyamazia muda mrefu kupita ilivyostahili. Sasa naona jedwali limeshazunguka mikononi mwa watu nisiowafahamu, kwa hiyo afadhali waisikie habari yake kutoka kwangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja, na ukitaka kujua umejikunja vipi unaangalia asidi amino ipi inagusana na ipi. Himoglobini ya mtu mzima ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye 146 kila mmoja. Nilitumia kipimo cha kawaida: asidi amino mbili zikiwa na atomi zilizokaribiana kwa angstromu 4.5 au pungufu, ukiacha haidrojeni, nazihesabu kuwa zimegusana. Angstromu ni mita moja igawanywe kwa bilioni kumi. Skripti fupi ya Python hupima umbali wa kila jozi ya atomi na kukutolea orodha, na kwenye laptopu ya kawaida kazi hiyo haichukui muda.

Nilitaka kujua ni migusano ipi inayobadilika himoglobini inapobeba oksijeni. Si swali jipya. Max Perutz alilieleza mwaka 1970: molekuli ina hali mbili, ya kukaza isipokuwa na oksijeni na ya kulegea inapokuwa nayo. Kutoka hali moja kwenda nyingine, nusu moja ya molekuli, yaani alfa moja na beta yake, inazunguka takriban nyuzi 15 kulinganisha na nusu ya pili. Mpaka wa nusu hizo mbili huitwa alfa 1–beta 2, na kila anayesoma biokemia amekariri kwamba hapo ndipo penye mambo.

Nikapakua faili mbili kutoka Protein Data Bank, hifadhi ya kimataifa ya miundo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971. Moja ni 2HHB, himoglobini isiyo na oksijeni, kazi ya Perutz na wenzake ya mwaka 1984. Nyingine ni 1HHO, yenye oksijeni, ya Boaz Shaanan, mwaka 1983. Nikapitisha skripti kwenye zote mbili, nikatoa orodha ya pili kwenye ya kwanza.

Matokeo yalinipendeza mno. Alfa 38 hadi 44, alfa 91 hadi 97, beta 97 hadi 102: zote zilionekana kupoteza migusano yake na minyororo ya upande wa pili. Palepale kitabu kinaposema! Nikachora picha, nikazipaka asidi amino hizo rangi nyekundu, nikaandika kwamba oksijeni ikiingia, mpaka wa alfa 1–beta 2 unafunguka.

Haukufunguka. Faili la 1HHO lina minyororo miwili tu, A na B. Ule upande wa pili ambao asidi amino zangu zilikuwa zimeachana nao haukuwemo kabisa.

Asiyezoea mambo haya atauliza inakuwaje faili la himoglobini liwe na nusu ya himoglobini. Picha za eksirei hupatikana kutokana na fuwele, na ndani ya fuwele molekuli zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia. Fikiria kitenge: fundi wa kuchapa hahitaji mchoro wa mita sita, anahitaji pambo moja na maelekezo ya namna ya kulirudia. Wataalamu wa fuwele nao huhifadhi kipande kidogo kabisa kinachotosha kujenga fuwele nzima. Katika 2HHB kipande hicho kimetokea kuwa molekuli kamili yenye minyororo minne. Katika 1HHO mhimili wa ulinganifu wa fuwele unapita katikati ya molekuli, kwa hiyo kipande ni nusu, na nusu ya pili unaipata kwa kuizungusha ya kwanza nyuzi 180. Maelekezo yamo humohumo ndani ya faili, kwenye mistari inayoanza na REMARK 350. Skripti yangu ilisoma mistari inayoanza na ATOM na HETATM, mingine yote ikairuka. Niliiandika hivyo kwa mkono wangu.

Kwa lugha nyepesi, nililinganisha kitu kizima na nusu yake, kisha nikashangaa kwamba nusu imepungukiwa.

Kilichoniponza zaidi ni kwamba kosa liliangukia mahali pazuri. Lingenionyesha mabadiliko ndani ya mnyororo wa alfa, mbali na mpaka, ningeshtuka na kukagua. Lakini lilinipa kile nilichokuwa natarajia, tena kikiwa kimechanganyika na ukweli. Kwa mfano, histidini ya 146, ya mwisho kabisa kwenye mnyororo wa beta, katika himoglobini isiyo na oksijeni hushikana na lisini ya 40 ya alfa ya upande wa pili, na oksijeni ikiingia mshikano huo huachia kweli. Jedwali langu lilikuwa na jibu hilo sahihi, ila lililipata kwa njia isiyo sahihi.

Ukweli ni kwamba mpaka ule unateleza. Tairosini ya 42 ya alfa inaachia kifungo chake cha haidrojeni na aspatati ya 99 ya beta, na wakati huohuo aspatati ya 94 ya alfa inashika asparajini ya 102 ya beta. Histidini ya 97 ya beta, ambayo awali imekaa kati ya threonini ya 41 na prolini ya 44 za alfa, inaruka hatua moja na kuingia kati ya threonini ya 38 na ile ya 41. Kinachoachwa hapa kinapokelewa pale. Jedwali sahihi lingepaswa kuwa na safu mbili, ya migusano iliyopotea na ya iliyozaliwa. Langu lilikuwa na hasara tupu, na hilo peke yake lilitosha kunistua.

Aliyeshtuka ni mwanafunzi. Baada ya kuwasilisha alinyoosha mkono: “Samahani Dokta, kile kifungo cha aspatati 94 na asparajini 102 ambacho tunasoma kwamba hutokea oksijeni ikishaingia, mbona kwenye jedwali sikioni?”

Hapa ndipo ninapoona haya. Nilimjibu kwamba ni suala la ubora wa picha, kwamba 2HHB imeonekana kwa angstromu 1.74 na 1HHO kwa 2.1, hivyo vifungo vingine hufifia. Tarakimu zote mbili ni za kweli na jibu lote ni uongo, angstromu 2.1 inatosha kabisa kuonyesha kifungo kama hicho. Nilijua jibu halijakaa sawa nilipokuwa bado nalitamka. Yeye akasema, “Asante, Dokta,” akaketi. Usiku nikalifungua faili, nikahesabu minyororo. Kesho yake sikumwambia kitu, na ripoti nikaiacha iendelee kusambaa, nikijiambia kwamba hitimisho kwa jumla halipotoshi mtu. Linapotosha.

Baadaye nilimtafuta, nikamwonyesha nilichokiona, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema alishagundua mwenyewe wiki ileile, ila aliona vibaya kunirudia.

Nilipokaa kurekebisha, nusura nitumbukie upande wa pili. Nikajiwekea sheria: kuanzia sasa najenga molekuli moja kamili, na mgusano wowote wa molekuli na molekuli naufuta, kwa kuwa mingi ya namna hiyo hutokana na msongamano wa fuwele tu na mwilini haipo. Kisha nikageukia himoglobini ya selimundu, ugonjwa ambao sisi wa Afrika Mashariki tunauona majumbani mwetu. Vernon Ingram alionyesha pale Cambridge katika miaka ya 1950 kwamba tofauti iko kwenye asidi amino moja: nafasi ya 6 ya beta, valini imekaa mahali pa glutamati. Valini hiyo, oksijeni ikishatoka, huingia kwenye kishimo kati ya fenilalanini ya 85 na lusini ya 88 za beta ya molekuli nyingine, na hivyo molekuli zinaungana kuwa nyuzi ndefu zinazoipinda seli nyekundu. Faili la 2HBS, la mwaka 1997, lina molekuli mbili nzima, na mgusano huo umo ndani ya fuwele kama ulivyo kwenye nyuzi za mgonjwa. Kwa sheria yangu mpya ningeufuta. Ningebaki na jedwali safi la himoglobini ya selimundu lisilo na selimundu.

Sina tena sheria ya jumla. Kila faili nalifungua, nasoma REMARK 350, nahesabu minyororo, kisha najiuliza molekuli hii hukaa vipi ndani ya damu kabla sijaamua nihesabu nini.

Ripoti nimeirekebisha, na jedwali jipya lina safu zote mbili. Kilichobaki ni skripti, ambayo niliigawa darasani kwa flashi na wengi wenu mkarushiana kwa WhatsApp. Inasoma minyororo iliyomo ndani ya faili na kuishia hapo, na haitoi onyo lolote. Kama unayo, ifute. Kama umeshaitumia kwenye tasnifu, tafadhali rudia hesabu kabla ya kuikabidhi, na msimamizi wako akiuliza sababu, mtajie jina langu.