Likizo Inayotolewa na Upepo

Sisi tunaopokea mshahara kila mwisho wa mwezi tumelizoea mno neno "likizo", kiasi kwamba hatulitafakari tena. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 28 mfululizo za mapumziko katika mwaka, tena kwa malipo. Ni haki kubwa, na anayeibeza haijui historia ya wafanyakazi. Lakini haki hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo niliuona waziwazi nikiwa Kilwa Masoko katika mapumziko ya Pasaka, siku ambayo bahari ilikataa.

Nilikuwa nimepanga kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, na ambao magofu yake, pamoja na yale ya Songo Mnara, yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981. Kutoka Masoko ni mwendo mfupi wa mashua. Ila ulikuwa msimu wa tangambili, pale kaskazi inapokuwa imekwisha kuchoka nayo kusi haijajikita. Alfajiri anga lilikuwa safi. Saa mbili wingu zito likapanda kutoka baharini. Saa tatu mvua ikapiga mabati. Saa nne jua likarudi kana kwamba halikuondoka. Kisha upepo ukageuka ghafla na maji yakaanza kuumuka. Nahodha, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, aliitikia shikamoo yangu, akautazama mkondo, akasema, "Mwalimu, leo hatuvuki. Tusubiri."

Basi siku nzima ikabaki mikononi mwangu bila ratiba. Niliketi na wavuvi chini ya banda la makuti, tukanywa chai ya tangawizi kwa vitumbua. Wengine walishona nyavu, mmoja alikalafati chombo kilichopandishwa mchangani, wawili wakacheza bao. Kwangu ilikuwa neema: hakuna kikao, hakuna karatasi za mitihani za kusahihisha.

Adhuhuri kijana mmoja aliyekuwa akishona wavu aliniuliza, "Mwalimu, hivi leo hupo kazini, mshahara unakatwa?" Nikamjibu kwamba niko likizo, haukatwi. Akatikisa kichwa, bila kinyongo, akasema, "Sisi likizo tunapewa na upepo. Na huo hauna posho." Wenzake wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini neno lile lilibaki nami siku zote zilizofuata.

Baharia asiye na chombo hulipwa kwa mgawo. Chombo kina fungu lake, wavu una fungu lake, na kinachobaki hugawanywa kwa waliotoka. Chombo kisipotoka hakuna cha kugawa. Hasara hiyo haiishii kwake: mama anayekaanga samaki hana cha kukaanga, muuza barafu hana wa kumuuzia, na bodaboda anayepeleka samaki sokoni hana mzigo. Upepo mmoja hufunga ofisi nyingi zisizo na milango.

Ndipo linapokuja suala la sera. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, na mvua zake zikakata barabara ya Kilwa kuelekea Dar es Salaam katika eneo la Somanga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na hilo ni la kusifiwa. Hata hivyo, tahadhari huokoa roho, haijazi sufuria. Kila tunapomtaka mvuvi asitoke, tunamtaka alipe gharama ya utii huo kutoka mfukoni mwake. Akitoka, twasema ni mkaidi au hana elimu. Mara nyingi elimu anayo, tena ya kulisoma wingu kuliko sisi. Asichokuwa nacho ni akiba ya kusubiria.

Wapo watakaosema milango imefunguliwa. Ni kweli, NSSF hupokea michango ya hiari ya waliojiajiri. Lakini pensheni ya uzeeni ni jambo moja, na chakula cha usiku huu ni jambo jingine. Ni kweli pia kwamba halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini mkopo haulipi siku iliyopotea. Huiahirisha tu, kisha hurudi kuidai.

Ndugu zangu mlio katika ofisi za mipango, nanyi wanafunzi mtakaozirithi ofisi hizo: vikundi vya wavuvi vya BMU vipo, na orodha za vyombo zipo. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba siku ambayo dola yenyewe imetangaza bahari haifai, mtu asilale njaa kwa kuitii. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kutojua huko kunaweza kusameheka kwa mtu mmoja aliye mapumzikoni. Kwa wale tuliowakabidhi bajeti ya taifa, hakusameheki.